Ada ya Kuingiza Picha Nyumbani

Televisheni ni chombo ambacho, tangu kilipoanza kushushwa katika bandari ya Unguja hadi leo kinapopangwa rafuni katika maduka ya Kariakoo, hakijapata kumtosheleza mnunuzi wake kwa kununuliwa peke yake. Redio, iliyoitangulia, ilikuwa na tabia ya upole: ilitiwa betri ikasema, ikazungushwa kidogo ikabadili kauli, na mwenyewe akaichukua mkononi hadi shambani bila ya kuomba msaada wa mtu. Televisheni yataka kufungwa. Na kufungwa kwake, katika nyumba za mwambao huu wetu, kumekuwa kazi yenye ada zake, mafundi wake, zana zake, na hata ugomvi wake wa jamaa, kiasi cha kuwa mtu anayejua kuifunga amepata katika kila zama heshima ambayo anayejua kuitazama tu hakuipata.

Waandishi wa historia ya utangazaji aghalabu hutaja vituo, mawaziri na sheria, na hayo yana mahali pake. Lakini yako mambo mengine yaliyopita juu ya mapaa na nyuma ya makabati ya sebuleni, ambayo hayakuandikwa kwa sababu walioyatenda walikuwa vijana wenye koleo na waya. Nayo yakitazamwa kwa taratibu yaonyesha kwamba picha haikupata kuingia nyumbani bila ya idhini: kwanza idhini ya upepo na kimo, kisha ya kadi, na sasa ya tarakimu na neno la siri, na kwamba kila idhini iliyobuniwa kwa ajili ya nyumba moja, watu wa mwambao waliifanya itumikie nyumba tatu.

Kisiwa cha Unguja kilitangulia. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962 na Uganda tangu mwaka 1963, zote za picha nyeusi na nyeupe. Walakini Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, katika siku ambazo karafuu ilileta fedha za kigeni za kutosha, iliazimia kuiruka hatua hiyo, na baina ya mwaka 1973 na 1974, wakati wa uongozi wa Mzee Aboud Jumbe, Televisheni Zanzibar ikaanza kurusha picha za rangi, ikahesabiwa kuwa ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika kusini mwa Sahara. Afrika ya Kusini yenyewe, pamoja na utajiri wake wote, haikuwa na huduma rasmi ya televisheni hadi Januari 1976. Upande wa Bara, serikali ya Mwalimu Nyerere iliona kuwa chombo hicho ni anasa ya watu wachache wa mijini, na kwamba redio yatosha kumfikia mkulima, basi ikakataa. Na kukataa huko kukadumu miaka ishirini, ndani ya dola moja yenye visiwa vinavyoona na bara isiyoona. Kwa rai yangu hoja ya Mwalimu ilikuwa na haki zaidi kuliko wanavyokiri wakosoaji wake wa leo, ila ilikuwa na upungufu mmoja, nao ni kwamba mawimbi hayapiti forodhani.

Baina ya mji wa Unguja na Dar es Salaam pana bahari ya kilomita 70 hivi, isiyo mlima wala jengo, na mawimbi ya televisheni, ambayo husafiri karibu kwa mstari ulionyooka mpaka yazuiwe na mbinuko wa dunia, yaliweza kuvuka yakipata mnara mrefu upande mmoja na nguzo ndefu upande wa pili. Kwa hiyo katika miaka ya 1980, masharti ya biashara yalipolegezwa na vyombo vikaanza kuingia katika mizigo ya wafanyabiashara na ya jamaa waliotoka Ghuba na Ulaya, mapaa ya Upanga, Kariakoo na Magomeni yakaota nguzo, na juu ya kila nguzo antena, na antena zote zikaelekea kaskazini, hata mtu aliyepotelewa na kibla angeweza kuisahihisha kwa kutazama mapaa ya jirani zake.

Antena hiyo ilibuniwa Japani mwaka 1926 na mabwana wawili, Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, nayo ni safu ya vijiti vya alumini vilivyopangwa juu ya mhimili mmoja, virefu nyuma na vifupi mbele, ambayo hunasa vizuri kutoka upande inakoelekea na kuwa kiziwi kwa pande nyingine. Ukiziwi huo ndio uliozaa ufundi. Nguzo ilikuwa bomba la chuma kwa mwenye nacho, au boriti ya mikoko kwa asiye nacho, ikifungwa ukutani kwa vyuma au kukazwa kwa kamba pande tatu. Na kuielekeza kulihitaji watu watatu kwa uchache: mmoja juu ya paa ameishika nguzo, mmoja dirishani wa kupokea na kupitisha maneno, na mmoja ndani mbele ya kioo, ambaye kwa desturi alikuwa mwenye nyumba.

“Vipi hapo?” huuliza wa juu.

“Chenga tupu!”

“Na sasa?”

“Sauti ipo, picha hakuna. Rudisha, rudisha kidogo... Hapohapo! Usiguse tena!”

Wa juu hufunga nguzo kwa waya, na katika kufunga nguzo husogea kwa kiasi cha upana wa kidole, na chenga hurudi. Kazi hii iliweza kula alasiri nzima, na haikuwa kazi ya kufanywa mara moja ikaisha, kwa kuwa upepo wa kusi uliigeuza antena bila ya kumshauri mtu, na chumvi ya bahari iliila shaba ndani ya waya mpaka pale kiungo kilipoonekana kizima kwa nje na ndani kimekuwa ungaunga wa kijani. Tena palikuwa na fumbo ambalo wengi waliliona na wachache waliweza kulieleza: kwamba jioni fulani za utulivu, bahari ikiwa shwari na joto limetanda, picha ya Unguja iliingia safi hata kwa antena mbovu, na kesho yake ikapotea hata kwa nzuri. Sababu yake ni tabaka za hewa. Hewa yenye joto ikilala juu ya hewa yenye unyevu iliyo karibu na maji, mawimbi huinamishwa na kufuata mbinuko wa bahari, yakafika mbali kuliko ada yake. Mafundi wa mitaani waliojua hilo hawakuwa wengi, lakini wote walijifunza kuchagua jioni ya kwenda kudai ujira wao.

Mwenye antena hakuitumia peke yake, wala asingeweza hata kama angetaka. Katika vijiji vya Unguja na Pemba viliwekwa vituo vya kutazamia kwa pamoja, na mjini televisheni ya mtu mmoja ilikuwa ya mtaa: ilielekezwa mlangoni ili walio barazani waone, watoto walitakiwa kunawa miguu kabla ya kukanyaga jamvi, wazee walipewa viti, na wanawake walikuwa na chumba chao au saa zao. Baadaye, vyombo vilipozidi, waya mmoja ulipasuliwa ukatiwa nyumba ya pili na ya tatu, ingawa kila mpasuo ulipunguza nguvu ya mawimbi na kuongeza chenga, na ingawa mwenye nguzo alijua hakika kwamba picha yake ingekuwa safi zaidi lau angekata. Hakukata. Kumkatia jirani kungalikuwa aibu kubwa kuliko kuangalia chenga.

Bara ilifungua mlango mwaka 1994, vituo vya watu binafsi vilipoanza kurusha matangazo Dar es Salaam, ITV miongoni mwao, na serikali yenyewe ikafuata miaka michache baadaye kwa televisheni yake ya taifa. Antena zikageuzwa shingo kutoka kaskazini kuelekea minara ya mjini, na kwa ukaribu wa minara hiyo kazi ya fundi ikawa nyepesi, hata kijiti cha ndani juu ya kabati kikatosha kwa wengi.

Lililofuata ni dishi. Mwaka 1995 kampuni ya MultiChoice ilianza huduma ya DStv kwa njia ya setilaiti, na ufundi ukahama kutoka kwenye kuilenga minara kwenda kwenye kuilenga mbingu. Setilaiti za namna hii hukaa juu ya ikweta, kwa umbali wa kilomita 35,786, zikizunguka sawasawa na dunia hata zikaonekana zimesimama. Na kwa kuwa sisi wa mwambao tu karibu na ikweta, fundi wetu hutazama juu kuliko fundi wa Ulaya, ambaye dishi lake huelekea upeo wa macho. Setilaiti iliyo kwenye longitudo 36 mashariki, inayobeba matangazo ya DStv, kwa mtu aliyesimama Dar es Salaam i karibu na utosi. Ilhali ile ya longitudo 7, iliyochukuliwa baadaye na Azam TV ilipoanza mwaka 2013, imeinamia magharibi, na kwa hiyo mpitaji mwenye macho aweza kujua nyumba inalipa kampuni gani kwa kuangalia mwelekeo wa dishi tu. Kosa la digrii moja au mbili hutosha kupoteza kila kitu, wala hapana chenga za kumwongoza fundi kwamba yu karibu. Ama picha ipo kamili, ama kioo cheusi. Na mvua za masika zikikoza, matone huyanywa mawimbi, na picha huvunjika vipande vipande katikati ya mpira.

Dishi lilikuwa ghali, na malipo ya kila mwezi ghali zaidi, basi likawa la mtaa kwa namna mpya: vibanda umiza vikaenea, chumba cha mabati chenye mabenchi na kioo kimoja mbele, ambamo vijana hulipa kiingilio kidogo kutazama ligi ya Uingereza. Wako wenye kuvidharau vibanda hivyo kwa joto na kelele zake. Mimi naona ndivyo vilivyofanya malipo ya mtu mmoja yawe furaha ya watu sitini.

Kisha ikaja amri. Mkutano wa mataifa uliofanyika Geneva mwaka 2006 uliweka Juni 2015 kuwa mwisho wa kulindwa matangazo ya analojia, na Tanzania haikungoja, ikazima mitambo ya Dar es Salaam usiku wa tarehe 31 Desemba 2012. Aliyelala na televisheni inayoona aliamka na televisheni isiyoona, mpaka anunue king'amuzi. Kenya ilipofika zamu yake palizuka ugomvi baina ya wenye vituo na wenye mamlaka, na kuanzia katikati ya Februari 2015 vituo vikubwa, NTV, KTN na Citizen, vikatoweka hewani kwa siku 19. Antena za zamani zikabaki juu ya mapaa zikianikiwa nguo, na idhini ya picha ikahamia katika kadi yenye namba ndefu, ambayo mtu huisoma kwa sauti simuni akiikosea tarakimu ya kumi na moja.

Hapa pana jambo ambalo sijaona likipewa uzito unaostahiki. King'amuzi kilikuja katika miaka ileile ambayo watu wetu walikuwa wakijifunza kulipa kwa simu, kwa maana M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Na mtu mzima ambaye hakupata kugusa kompyuta maishani mwake alijizoeza, kwa haja ya kuona taarifa ya habari, kuingiza namba ya kampuni, kisha kumbukumbu namba, kisha kiasi, kisha namba ya siri aliyoikinga kwa kiganja. Huko ndiko alikofundwa. Zama za programu za televisheni zilipofika, kilichokuwa kigeni kwake kilikuwa kioo, si tarakimu.

Programu hizo zilianzia ng'ambo. Mwaka 1995 kampuni ya Progressive Networks ya Seattle ilitoa programu ya kusikiliza sauti ikiwa ingali njiani, bila ya kungoja faili lote lifike. Mwaka 2007 Netflix, waliokuwa wakipeleka filamu kwa posta, wakaanza kuzipitisha katika intaneti, na siku ya Krismasi ya mwaka huo BBC ikazindua iPlayer. Mambo hayo yalikuwa ya kompyuta. Kuyaleta kwenye televisheni ya sebuleni kulingoja kisanduku cha Roku cha mwaka 2008, kilichouzwa kwa dola 100 kasoro senti moja, na hasa kijiti cha Chromecast cha mwaka 2013, kilichouzwa kwa dola 35 na ambacho hakikuwa hata na rimoti, kwa kuwa kilipokea amri kutoka katika simu. Kwetu hayo yasingalikuwa na maana lau si mikongo ya chini ya bahari: TEAMS iliyofika Mombasa na SEACOM iliyozinduliwa Dar es Salaam na Rais Kikwete Julai 2009, na EASSy mwaka uliofuata. Kabla yake intaneti yetu ilipanda setilaiti na kushuka, polepole na kwa bei ya kutisha. Mwaka 2016, Januari, Netflix ikafunguliwa kwa nchi 130 kwa siku moja, zetu zikiwamo, na kampuni za ving'amuzi nazo zikatoa programu zao, zikihofu kuachwa na wateja wao wenyewe.

Sasa tuitazame kazi yenyewe ya kufunga kama inavyofanyika katika nyumba ya Mji Mkongwe. Kijiti huchomekwa katika tundu la HDMI nyuma ya televisheni, na waya wake wa umeme, kwa uvivu au kwa kukosa tundu ukutani, huchomekwa katika tundu la USB la televisheni hiyohiyo, ambalo aghalabu halitoi umeme wa kutosha, basi kijiti huwaka, huonyesha nembo yake, huzima, na kuwaka tena, na mwenyewe huapa kwamba kauziwa kibovu. Akipewa chaja ya ukutani hutulia. Huuliza lugha, huuliza waifai, na neno la siri la waifai huandikwa kwa kutembeza mshale wa rimoti juu ya herufi moja moja, kubwa na ndogo, kazi ambayo humtoa jasho hata mtu aliye na subira. Ikiwa kisanduku cha intaneti kiko ukumbini na televisheni chumba cha ndani, hapo baina yao upo ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, mnene kuliko urefu wa mkono hadi kiwiko, uliojengwa na wazee ili kuzuia joto, nao huzuia mawimbi ya waifai kwa ustadi uleule.

Kisha programu hupakuliwa na kufunguliwa, na badala ya kutaka jina na neno la siri, huandika juu ya kioo tarakimu na herufi chache na kumwambia mtu azipeleke kwenye simu yake. Hila hii ilibuniwa kwa sababu ya udhaifu wa rimoti, isiyo na herufi. Lakini imezaa pia mgawanyo mpya wa kazi, ambamo mmoja husoma na mwingine huandika, na anayeandika si lazima awe nyumbani. Ndivyo inavyokuwa kwamba babu, aliyeshika nguzo juu ya paa la Magomeni akiwa kijana, hukaa mbele ya kioo, na mjukuu wake aliye Muscat humwelekeza kwa simu.

“Shikamoo Babu. Kioo kinasemaje?”

“Marahaba. Kimeandika namba. Saba, K, mbili, mbili...”

“Ngoja, Babu, pole pole. Baada ya K?”

“Zimekwisha badilika.”

Tarakimu hizo huishi kwa dakika chache, na zikipita hufa na kuletwa nyingine. Baada ya majaribio kadhaa kioo hubadilika chenyewe, na picha huingia. Lakini idhini nyingine ingali ikingojewa, nayo ni ya bando. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, na kila kipande huwekwa katika ubora wa namna nyingi, ili programu, ikiona njia imebana, iombe kipande hafifu badala ya kusimama. Ndiyo maana sura ya mtu huweza kuwa na ukungu kwa muda kisha ikatakata. Picha safi, kwa maelezo ya Netflix wenyewe, huweza kula hadi gigabaiti 3 kwa saa, na kwa hiyo bando la gigabaiti moja huweza kwisha kabla ya filamu kueleza nani mhalifu. Nyumba nyingi zimejibu kwa kuweka ubora wa chini kabisa, na hawaoni tofauti, au wanaiona na wanaisamehe, kwa kuwa walilelewa na chenga.

Biashara nyingine imekua pembezoni, ya masanduku yauzwayo kwa ahadi ya chaneli zote za dunia bila ya malipo. Mengi yao hubeba Kodi, programu halali iliyoanza mwaka 2002 kama kazi ya wapenzi wa mashine ya michezo ya Xbox na kupewa jina lake la sasa mwaka 2014. Mkosaji ni yule anayeipachika orodha za matangazo ya wizi, ambazo hukatika siku ya fainali, wala muuzaji hapatikani.

Kuhusu kushirikiana, neno la siri la akaunti lilirithi kazi ya waya uliopasuliwa. Akaunti moja, iliyolipwa na shangazi aliyeko London, ilitazamwa London, Mombasa na Muscat, na kampuni hazikuudhika; mwaka 2017 Netflix wenyewe walisema hadharani kwa mzaha kwamba kugawana neno la siri ni mapenzi. Mwaka 2023 mapenzi yakaisha. Wakatangaza kwamba akaunti ni ya watu wanaoishi pamoja, na kuishi pamoja kukapimwa kwa mashine: vyombo vinavyotumia intaneti ya mahali pamoja ni nyumba moja, na vinginevyo ni wageni. Kipimo hiki kinamfaa mtu wa ghorofa ya California. Kwa jamaa ambao nyumba yao ni jiko la Unguja, mshahara wa Muscat na watoto wanaosoma Leicester, ni kipimo kinachomfanya mama mzazi kuwa mgeni kwa mwanawe. Walakini kampuni ziliacha upenyo, kwa ajili ya wasafiri, wa kuomba tarakimu za muda zinazotumwa kwa mwenye akaunti. Na sasa simu ya shangazi hulia London saa ya chakula cha mchana, naye hujifuta mikono, husoma tarakimu zilizoingia, na kuzituma Mombasa kwa WhatsApp kabla hazijaharibika.